Sehemu ya Tatu Niliyoikata

Mtoni, Temeke
Jumapili

Dada Tunu,

Shikamoo. Najua hutaiitikia, maana namba yangu uliifunga miaka sita iliyopita, wala sikulaumu. Ndiyo maana nimempa barua hii Clara, jirani yako wa huko Kibamba, anayekuja Temeke kuchukua mitumba. Naomba ikukute mzima, na kile kifua kisiwe kinakusumbua na vumbi la huko. Huku kwetu tunajikongoja. Mama miguu inamvimba akisimama sana, ila kelele zake ni zilezile.

Mie mpaka jana nilikuwa kwa Bakari, mdogo wake Suleiman aliyekuwa mume wako. Nilikuwa natafsiri muvi kwenye banda lake. Muvi ya Kizungu inachezwa, mie nimeshika maiki, wote nawasemea mimi: mzee, askari, mpaka farasi akinuna. Jina nimelipata kwa sauti ya mwanamke. Mwanamke akiomba au akilia, natoa kisauti chembamba cha puani, banda zima hoi kwa kicheko. Watu wanatoka hadi Mbagala kuja kukisikia. Nilikuwaga najivunia. Leo nikikikumbuka natema mate.

Mwezi uliopita tulipata muvi ya zama za kale, Ulaya ya mangome na wanaume wa mavazi ya chuma. Mke wa mwenye kinu cha ngano anamshtaki bwana mkubwa wa ngome kwamba alimwingilia kwa nguvu, mumewe akiwa safarini. Kwa sheria yao mwanamke anashikishwa chuma cha moto mbele ya askofu. Kidonda kikioza, basi ni muongo. Kisa kinasimuliwa mara tatu. Kwanza mume, yeye analia na aibu yake tu. Halafu bwana mkubwa, na kwake mwanamke anacheka na mlango kauacha wazi. Ya tatu ni ya mwanamke mwenyewe.

Hiyo ya tatu sikuiangalia. Sie watafsiri ndio ugonjwa wetu, tunashika maiki bila kuitazama muvi mpaka mwisho. Nilipoona kinu kilekile na mlango uleule nikadhani wamerudia kipande kwa makosa. Bakari naye akasema watu hawakuja kuangalia kitu kimoja mara tatu. Nikakata, nikarukia kwenye chuma cha moto. Nikamliza yule mama kwa kisauti changu, watu wakacheka mpaka benchi likapinduka. Bakari alicheka kuliko wote.

Apolonia, yule mama anayekaanga mihogo mlangoni, hakucheka. Asubuhi yake akaniuliza, kwani mwanamke mwenyewe alisemaje. Nikamjibu si alilia, na nilimliza vizuri tu. Akasema kilio amekisikia, anachouliza ni alisema nini. Nikamwambia aangalie mihogo yake isiungue. Lakini lile swali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mchana, banda likiwa tupu, nikaifungua sehemu ya tatu nikaitazama peke yangu.

Dada, mlango haukuwa wazi. Bwana mkubwa aliusukuma kwa bega. Na uani kulikuwa na mtumishi mwenye ndoo, anasikia kila kitu. Katika masimulizi ya wale wanaume wawili mtumishi huyo hayupo kabisa. Anasikiliza, anaitua ndoo taratibu isipige kelele, anaondoka zake. Mbele ya askofu anaapa kwamba siku ile alikuwa shambani. Nilizima, nikatoka nje.

Mie siku ile sikuwa sokoni Tandika, kama nilivyowaambia wazee kwenye kikao cha kesi yako. Nilikuwa uani kwako, nimebeba kapu la samaki alilonituma mama. Nilikusikia ukimsihi Bakari, ukimwita shemeji, shemeji, ukimwomba kwa jina la mama yake aliyemzaa. Nikamwona anatoka mlango wa nyuma akifunga mkanda. Na yeye aliniona. Hakunitisha hata kidogo. Kesho yake aliniita bandani akanipa ile maiki niliyokuwa namwomba miaka miwili, nami nikaipokea. Wazee wakasema huna shahidi. Suleiman akakupa talaka, na mama akakwambia usikanyage kwake na uongo wako.

Baya lenyewe bado. Kile kisauti sikukitunga mimi. Ni chako. Ndivyo ulivyokuwa ukiomba siku ile. Mara ya kwanza kilinitoka tu, watu wakacheka, na Bakari akanipiga mgongoni akasema hichohicho. Alikijua, dada. Miaka sita nakuigiza mbele ya watu, naye amekaa benchi la mbele. Naoga, naona sitakati.

Jana niliirudisha ile muvi. Sehemu ya tatu niliitafsiri yote, na yule mwanamke nilimsemea kwa sauti yangu hii ya kawaida, neno kwa neno. Hakuna aliyecheka. Mtumishi alipotua ndoo, Bakari aliinuka akachomoa waya. Niliiweka maiki kwenye benchi lake nikaenda moja kwa moja kwa mama, nikamweleza niliyoyaona na kuyasikia.

Aliketi akainyoosha miguu. Kisha akauliza wale samaki niliwapeleka wapi. Nikamwambia niliwatupa mtaroni. Akasema siku ya kikao, nilipotaja soko, alijua nadanganya, maana ni yeye aliyenituma kwako. Alijua, akanyamaza, kwa kuogopa kupoteza mtoto wa kiume na mkwe kwa siku moja. Nilimtazama mama yangu nikaona kinyaa, na nikajua kwamba nimefanana naye.

Ijumaa baada ya swala wazee watakaa tena. Mie nitasema ya uani, mama atasema ya samaki. Ya ndani ni yako, sitayagusa. Ukija utayasema mwenyewe, usipokuja hakuna atakayekusemea tena.

Msalimie Clara, umshukuru kwa kunibebea barua. Mama alitaka niandike na salamu zake. Nimekataa, nimemwambia Kibamba anapajua, azilete mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, kama neno hilo bado unalikubali,

Fakihi