Majani Tisa na Matunda Matatu

Mama Kamau,

Mimi sasa nina miaka sabini na moja. Nimeipita Emajensi ya mkoloni. Nimewazika kaka zangu wote wanne. Nimeona tanuri mbili za kiwanda cha kioo zikizeeka na kubomolewa, mimi bado nimesimama, na mameneja sijui wangapi wakija na kwenda. Lakini kukupita wewe sikuwa nimepanga. Ulikuwa mdogo wangu kwa miaka minane na hukuwa na haki ya kutangulia. Hiyo nimeisema kwanza ili initoke kifuani.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usicheke. Ni wewe ulinisukuma kwa masomo ya ngumbaru, ya watu wazima, nikaenda na hasira, mwalimu akasema hajawahi kupata mwanafunzi mbishi kama mimi. Herufi zangu bado ni kubwa kama za bango la duka, lakini zinasomeka.

Nataka kukupa habari ya mkufu wa Wambui.

Ulipotuacha, kabla mvua haijaanza, mkufu ulikuwa mezani chini ya leso yako. Majani tisa ya kahawa, ya kijani, na katikati pengo. Yale matunda matatu mekundu ulikuwa hujayafikia. Uliacha karatasi tatu ulizokata kwa makasi za kupimia, na vifuniko vitatu vya sanduku za keki, vile vya plastiki ngumu inayoonyesha ndani, vya kutoka kwa hoteli ulipokuwa ukiosha vyombo. Nilienda huko kuomba vingine. Wakaniambia siku hizi keki zinawekwa kwa sanduku za karatasi tupu. Kwa hivyo vilikuwa vitatu, basi.

Na ulikuwa umemwahidi mjukuu wetu Wambui, mwenye jina lako, kwamba siku ya harusi atavaa lile shamba ambapo mimi na wewe tulikutana tukichuma kahawa. Mimi nilikusikia ukimwambia. Nilijifanya nasikiliza redio.

Harusi ilikuwa Agosti, kanisani Ruiru. Mke wa Kamau akasema tununue shanga soko la Thika tuzibe pale katikati, hakuna atakayejua. Wambui akakataa. Akaniambia mimi babu yake, "Guka, nitauvaa na pengo lake." Aliniambia kwa upole kabisa, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Nikamwona amesimama mbele ya watu wa bwana yake na shimo kifuani, kila mtu akiuliza. Nikasema mimi nitaumaliza.

Hawakuniamini. Wanajua nilivyokuwa nikiita kazi yako. Takataka za keki. Nilisema hivyo hata mbele ya wageni, ati mtu amelisha tanuri ya kioo miaka ishirini na tisa halafu mke wake anakaa jikoni anachoma plastiki na kuiita kioo. Uliendelea kusugua kifuniko na msasa ili rangi ishike, ukipuliza vumbi pole pole.

Sasa mimi, unanijua. Hakuna mtu kutoka Thika mpaka Ruiru aliyesoma moto kama mimi. Kiwandani walikuwa wakiniita niangalie tu rangi ya tanuri kwa macho, kabla ya saa zao za kupimia joto kusema chochote. Nikachukua kifuniko cha kwanza, nikasugua, nikapaka ile kalamu yako nyekundu, nikakata, nikaenda kwa Mama Hadija, kwa ile oveni yake ya bati mliyokuwa mkitumia pamoja. Nikaongeza makaa chini na juu. Nikapepea mpaka yakawa meupe. Mama Hadija alikuwa akikanda unga wa mahamri, akainua macho akaniambia, "Mzee, hiyo ni oveni ya keki, si jehanamu."

Nikamwambia kioo hakiogopi moto.

Kilichotoka kilikuwa uji mwekundu wenye moshi. Mama Hadija aliupakua kwa mwiko, akafungua madirisha yote, na siku hiyo hakuuza mahamri.

Kifuniko cha pili nilitumia akili. Nikapima zile karatasi zako nikaona ni kubwa kupita kiasi, kila tunda kama kiganja cha mtoto. Nikasema masikini Mama Kamau, macho yalikuwa yamechoka. Nikapunguza. Nikaweka makaa machache. Nikachungulia. Mara plastiki ikaanza kujikunja, Mama Kamau, ikainuka pembe zote kama kitu kilichokanyagwa mkia, ikajishika yenyewe. Nikajua imeharibika. Kioo kikifanya hivyo umekipoteza, lazima ukitoe upesi na ukipoze pole pole kisipasuke. Kwa hivyo nikaitoa upesi na kuizika kwenye jivu la uvuguvugu, kama vile nimefanya maisha yangu yote, na nikakaa juu ya ndoo nikingoja saa nzima kwa heshima.

Nilipofukua, nilipata vitu vitatu vilivyopinda, vidogo kama maharagwe, na tundu la uzi halipitishi hata sindano.

Ndipo nikaelewa kwamba karatasi zako hazikuwa na kosa. Ulikata kubwa kwa sababu ulijua itarudi ndogo. Ulitoboa tundu kubwa kwa sababu ulijua nalo litanywea. Miaka hiyo yote ulikuwa ukitazama kitu ambacho hakijakuwa bado, na ukikipimia nafasi. Mimi kiwandani niliambiwa chupa ina ukubwa gani, nikatoa chupa ya ukubwa huo.

Zilibaki siku nne na kifuniko kimoja. Siku mbili sikukigusa. Mtu wa umri wangu kuogopa kifuniko cha keki, hiyo usimwambie mtu huko.

Siku ya tatu nilienda tena kwa Mama Hadija na karatasi zako zilivyo, sikupunguza hata uzi. Nikamwambia leo nataka anieleze ulivyokuwa ukifanya. Akasema wewe ulikuwa na neno moja tu, kila mara, hata yeye alipotaka kufungua mlango wa oveni. "Ngoja ilale."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo nyumbani mara elfu. Nilidhani unaongea na paka.

Tukakata na kupaka rangi, tukaweka matunda yote matatu kwa bati lililonyunyiziwa unga kidogo. Mama Hadija akapima moto kwa kuingiza mkono, kama anavyopimia keki. Nikaweka mikono yangu nyuma na kuifunga moja kwa nyingine. Yakaanza kujikunja. Yakapinda, yakainuka, lile la kati likajiviringa kabisa kama jani kavu, na kila mfupa wangu ukasema toa, toa sasa. Nikasema, ngoja ilale. Nikasema tena.

Na ikalala.

Mama Kamau, sina maneno ya kutosha. Ilishuka yenyewe. Lile lililojiviringa likajifungua, pembe zikateremka moja moja, na pale palipokuwa na plastiki nyepesi ya kupeperushwa na pumzi palikuwa na kitu kidogo, kinene, chekundu kuliko rangi niliyopaka. Tukabonyeza haraka na pasi baridi, Mama Hadija akiniharakisha, na juu ya kila tunda tukaweka kile kipande kidogo cha plastiki isiyopakwa rangi, cha kushika mwanga, ulichozoea kuweka, tukarudisha motoni kidogo, vikashikana. Kiwandani kushikanisha vioo viwili visiachane kilikuwa kitu cha kufukuzisha watu kazi. Wewe ulikifanya kati ya keki mbili.

Nikapaka vanishi mara tatu. Nikaweka dirishani. Asubuhi jua liliingia na ukuta wetu wote, ule nilikataa kupaka rangi, ukawa na matone mekundu. Nilisimama hapo mpaka chai ikapoa. Nimetengeneza chupa sijui ngapi maishani na sikubaki na moja. Sikuwahi kuona ukuta ukifanya hivyo.

Siku ya harusi, shangazi wa bwana harusi kutoka Witeithie alishika mkufu kwa vidole akauliza hiki ni kioo cha wapi. Kamau, mwana wako, akasema babangu alikuwa fundi wa kioo. Wote wakanigeukia. Wakaanza kunipongeza. Nilifungua mdomo, na unajua mdomo wangu.

Nikasema, "Si kioo. Ni plastiki ya vifuniko vya keki, na ni kazi ya Mama Kamau."

Yule mama akaurudisha mkufu kifuani pa Wambui taratibu, kwa mikono miwili, kama kitu kinachoweza kuamka.

Halafu nikasema matunda matatu ya kati ni yangu. Kwa sauti. Hiyo sikuweza kuacha.

Sasa nenda upumzike, mama. Ahadi yangu ni hii: lile haragwe moja lililopinda nimelishona ndani ya koti langu la kanisani, na nitakuja nalo lilivyo, ulione, unicheke mbele ya kaka zangu. Na mpaka siku hiyo sitaita kazi yako jina lingine isipokuwa lile uliloiita wewe: kioo.

Kama kuna mtu huko haamini haya, amngoje Mama Hadija, naye asifike huko karibuni. Aliona yote kutoka uji mpaka dirishani. Ila akisema kwamba ile ilipolala mimi nililia juu ya unga wake, hapo anaongeza chumvi.

Ni mimi,
Baba Kamau