Sauti ya Austin Uani

Jumapili, 9 Agosti 1953

Miezi mitatu na wiki moja ya eda. Sijavuka mlango wa nje tangu Shomari azikwe. Kuta nne, shuka nyeupe, na wifi yangu Swaumu anayenichunga utadhani nitatoroka na treni. Daftari hili naliandika akilala mchana. Hajui kusoma, lakini kuuliza anajua!

Jumapili ndiyo siku yangu. Wanaume wanakuja uani kuosha Austin, gari la marehemu mume wangu. Mbao za dirisha zimefungwa, lakini masikio hayajafungwa. Mabruki, fundi mwenye gereji Kanyenye, ndiye anayeongea polepole. Lukumani, mdogo wake Shomari, ndiye anayechota maji na kulalamika. Sylvester, dereva wa Misheni, anafika mwisho akitoka misa, na kofia yake ya Jumapili nadhani, maana leo wamemcheka kofia.

Ubishi ni ule ule, gari lipi bora. Mabruki asema Morisi ndogo ina nguvu mlimani. Sylvester asema mlima gani huo, hapa Tabora? Mabruki ajibu gari dogo ni adabu, halinywi petroli ovyo, na mwenye gari kubwa ni mtu asiyejua kurudi nyuma. Ningekuwa pale ningewaambia wote jambo moja: Austin hii ilibeba watu watano na mbuzi mpaka Urambo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mbuzi alikaa mbele.

Leo Sylvester kaleta nta ya nyuki kutoka kwa mjomba wake Usinge. Kaiyeyusha jikoni uani na mafuta ya taa kidogo, harufu ikanijia mpaka kitandani. Anataka gari liwake siku nitakapotoka eda. Kapaka milango, kapaka taa, kafungua na boneti. Mabruki akamuuliza kama atapaka na petroli. Akajibu kila kitu cha Shomari leo kitang'aa. Nimelia, lakini kilio cha kupendeza.

Jumatatu, 10 Agosti

Dada Swaumu kaona macho yangu. Kasema kulia ni ruhusa, kucheka dirishani si ruhusa. Kwa hiyo jana alinisikia.

Nimemkumbuka Shomari mwaka wetu wa kwanza, tukifuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Ujiji. Babu yake alibeba pembe za ndovu begani kwenye njia ile, mara nne, kwenda na kurudi. Kila baada ya maili chache Shomari alizima injini na kusema hapa babu alipumzika. Mara ya sita nikamwambia basi babu yako alikuwa mvivu kupindukia! Alicheka mpaka akakaa chini vumbini. Nampenda. Naandika nampenda, sitaki kuandika vinginevyo.

Alhamisi, 13 Agosti

Lukumani kaliwasha gari apeleke wageni stesheni. Likaondoka vizuri. Halikufika. Limerudi linasukumwa na watu wanne, na wageni wamekwenda kwa miguu.

Jumapili, 16 Agosti

Siku mbaya.

Wamepiga hendeli, ikawaka mara ya kwanza. Sauti yenyewe! Ile ya kukohoa mara mbili halafu kutulia. Miaka saba nimeisikia ikikata kona hapa mtaani kwetu Isevya jioni, nami nikaweka birika motoni kabla hajafika mlangoni. Leo nimefumba macho. Dakika tano hivi alikuwa yupo.

Kisha ikaanza kukata. Ikafa. Wakafungua, wakatazama plagi, wakasafisha kabureta, wakaongeza petroli. Ikawaka tena, dakika tano, ikafa tena.

Mabruki kafunga boneti. Halafu kasema ikipata moto inachoka, ndani imekwisha, imezeeka. Kuna injini ya Fodi ndogo, mabaki ya shamba la karanga Urambo, anaweza kuipata kwa urafiki. Atakata hapa, ataunga pale, itakaa. Lukumani kasema sawa, shemeji akitoka eda akute gari linalotembea, lifanye kazi ya teksi, limlishe. Na hii ya zamani? Ivunjwe, watumie vipande.

Wananifanyia wema. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna wa kumkasirikia.

Nguo zake nimezigawa, ndivyo inavyotakiwa. Viatu kachukua Lukumani. Picha hatuna, alikuwa haamini wapiga picha. Wakiing'oa ile injini sitakuwa na kitu chochote duniani chenye sauti yake.

Jumatano, 19 Agosti

Nimejua! Ee Mungu, nimejua, na ni jambo dogo kama sisimizi!

Asubuhi Lukumani kalijaribu peke yake. Likafa, kama kawaida. Akafungua tangi aongeze petroli, nami nikasikia: fyuuu. Hewa ikivutwa ndani. Nikaruka kitandani.

Kifuniko cha tangi kilidondoka safari ile ile ya Ujiji. Shomari akachongesha kizibo cha mninga kwa seremala, akakitoboa kitundu kwa msumari wa moto. Mimi nilishika koleo. Akanieleza, petroli ikishuka lazima hewa iingie nafasi yake, tangi likikosa pumzi na injini inakosa kinywaji. Siku moja tope liliziba kitundu, gari likafa hivi hivi, dakika tano tano. Akachokoa kwa kijiti, tukaendelea.

Na sasa kitundu kimejaa nta ya Usinge. Kila kitu cha Shomari kitang'aa! Sylvester, mwana wa Misheni, umeliua gari kwa mapenzi.

Alhamisi, 20 Agosti

Idi Kubwa. Ya kwanza bila yeye. Nyama imeletwa nyingi, sikuweza kula.

Nikaona leo dada Swaumu moyo wake ni laini. Nikamwomba amwambie Lukumani maneno sita tu: toa nta kwenye tundu la kizibo. Akanitazama kana kwamba nimeomba nguo nyekundu.

"Amne, wifi yangu. Mjane na tundu la kizibo wapi na wapi? Watauliza nani kasema. Nitasema nini? Kwamba mke wa ndugu yangu yuko edani anasikiliza wanaume dirishani?"

Nikamwambia mwalimu wa dini hakukataza kusema neno la lazima.

"Mwalimu hakai Isevya. Mimi nakaa Isevya. Na yule Mabruki hana mke tangu mwaka juzi, kila mtu anajua. Neno lako la kwanza liwe kwake? Zimebaki siku kumi na tisa. Vumilia."

Niliandika kikaratasi. Nani atakipeleka? Yeye. Nimekichana. Wakati mwingine namchukia, na wakati mwingine namsikia usiku anamlilia kaka yake kimyakimya ili nisiamke, nami nashindwa kumchukia.

Ijumaa, 21 Agosti

Injini ya Fodi imefika. Niliisikia ikishushwa. Nzito. Haina jina lolote kwangu.

Jumapili, 23 Agosti

Saa tatu asubuhi. Wamefunga mnyororo kwenye boriti ya banda. Mabruki na Lukumani. Sylvester bado yuko misa. Dada Swaumu kakaa mlangoni kwangu anachambua mchele, mchele ambao ulishachambuliwa jana.

Spana imeshika. Boliti ya kwanza ina kutu, inalia. Lukumani kasema polepole, huyu alikuwa mzee wa watu.

Ya kwanza imetoka.

Nimesimama. Nimekaa tena. Zimebaki siku kumi na sita, na nikinyamaza nitatoka edani safi kabisa, kila mtu atanisifu, na uani kutakuwa na kitu kinachonguruma nisichokijua.

Ya pili.

—

Nimesema. Sikusema, nimepiga kelele! Nimesukuma mbao za dirisha, nimesema Mabruki, acha! Toeni nta kwenye tundu la kizibo cha tangi!

Spana ikaanguka. Dada Swaumu akainuka, mchele wote chini. "Amne! Umetuvua nguo!"

Kutoka uani Lukumani, sauti ndogo: "Shemeji... tundu gani?"

Nikamweleza. Msumari wa moto, seremala, tope. Sikumtazama mtu, nilitazama ukuta. Mabruki akasema hasbiyallah, mkono wangu umekishika kile kizibo kila siku. Akaomba sindano. Alipoomba sindano, ni dada Swaumu aliyeichomoa kwenye kanga yake akairusha nje. Sasa kanipa mgongo.

Boliti zimerudishwa. Hendeli. Imewaka. Inakohoa mara mbili, inatulia.

Dakika tano. Sita. Kumi! Nimeandika kumi. Lukumani anacheka kama mwendawazimu, kasema analipeleka mpaka Kanyenye na kurudi.

Limeondoka. Kumekuwa kimya sana.

Linarudi. Nalisikia kwenye kona. Linapunguza mwendo pale pale alipokuwa akipunguza, kwa sababu ya shimo. Linaingia uani. Limezimwa. Mlango wa gari umefungwa.

Nimejikuta nimesimama, birika mkononi, natafuta moto. Sikujua nimeinuka saa ngapi. Nilipigania sauti hii, sikufikiri kwamba itakuja hivi kila jioni, na kila jioni atashuka mtu mwingine. Nataka waing'oe. Sitaki. Sijui.

Hatua zinakuja mpaka mlangoni. Hodi, sauti ya Lukumani.

Dada Swaumu kageuka, analia waziwazi, ananitazama mimi na birika langu. Hodi ya pili. Naweka kalamu chini, birika naliweka motoni.