Mikono Mifupi ya Pedeli

Baba, uji uko kwa themosi. Mjukuu wako Wakio nimemwacha kwa jirani.

Asubuhi ulimwambia fundi, watu wakicheka, aing'oe kwenye baiskeli yako mikono mifupi ya pedeli niliyokununulia. "Hiyo ni ya baiskeli ya mtoto! Usimsikize huyu wa ngumbaru."

Sawa, nimesoma jioni, tena ukubwani. Lakini anayelalamikia goti kila akitoka Bura na mboga ni wewe, na mikono mirefu ndiyo inayolikunja mno.

~~Panda upendavyo.~~ La. Ulipoingia kuoga nilimwomba fundi arudishe ile mifupi. Mirefu nimeibeba mkobani, naenda nayo kazini. Ukiona aibu, tembea.

Dawa ya kuchua iko dirishani. Ningoje, nitakuchua nikirudi.

Mkaza mwanao,
wa ngumbaru