Mikeka ya Akko na Jumamosi Niliyokimbia

Jumamosi. Upepo ulivuma tangu asubuhi, ule upepo wetu wa Isiolo unaopeleka vumbi hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa, na sasa umetulia. Nimekaa mlango wa nyuma, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, naandika kwenye simu kwa kidole gumba. Nimejaribu kuacha kutabasamu na nimeshindwa.

Leo nimekimbia.

Ngoja nirudi nyuma, maana furaha inanifanya niruke mambo.

Mimi ni mnene. Naandika neno hilo wazi kwa sababu wengine wote hulisema kwa kuzunguka au kwa kutukana. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Akko kama watoto wangu wanavyomwita nyanya yao kwa Kiborana, hujivunia mwili wangu mbele ya wageni. Kwake mimi ni ushahidi kwamba mwanawe ni mwanamume anayelisha watu. Nikitoka hadi barabarani, vijana wa steji ya bodaboda iliyo mkabala na shule ya msingi wananipokea kwa kelele ile ile: "Lori ya Moyale hiyo! Pisheni!" Nyumbani nasifiwa, barabarani natukanwa, na mwili ni ule ule.

Kisha kuna kliniki. Mwaka huu niliambiwa sukari inanipigia hodi. Nesi alinipandisha kwenye mizani akasoma kilo zangu kwa sauti, benchi zima likasikia. Nilikuwa na binamu yangu Talaso, aliyekuja kutoka Biliqo kutibiwa kifua. Nesi akamwonyesha kwa kalamu: "Ona mwenzako alivyo na mwili mzuri. Wewe punguza, mama. Tembea. Kula mboga na matunda."

Talaso aliinamisha kichwa. Mifugo yao karibu yote ilikufa na ukame, na chakula chake cha mchana ni chai ya rangi. Huo ndio mwili mzuri. Tulitoka pale tukiwa tumeaibika sote wawili, kila mtu kwa kilo zake.

Na nitembee wapi? Asubuhi nawaona watu wa maofisi wakikimbia kando ya lami, waya masikioni, jioni wanaingia gym ya hoteli. Hakuna anayewaita lori. Mimi nikiongeza mwendo kidogo ndani ya buibui, jua likiwaka, nimekuwa sinema ya bure.

Sasa ungamo. Miezi minane iliyopita nilinunua raba za mitumba, za buluu, zenye mstari mweupe. Nilizificha chini ya kitanda kama mtu aliyeiba. Siku nilizobaki peke yangu nyumbani nilizivaa, nikatembea kutoka chumbani hadi jikoni, jikoni hadi chumbani, hadi niliposikia geti. Hata mume wangu hakujua.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Makena, anayeniuzia mboga anazotoa Meru. Alikuwa anakatakata sukuma wiki, kisu kikasimama. Nilingoja acheke. Akasema, "Na mimi je? Shuleni nilikuwa nacheza volleyball, sasa naruka tu mtaro." Kufikia wiki iliyofuata tulikuwa wanawake kumi na moja, wenye buibui na wasio na buibui, sote tukitafuta mahali pa kutoa jasho bila kutazamwa.

Mwalimu mkuu wa ile shule ya msingi alitupa uwanja. Jumamosi moja tu, baada ya Alasiri, ya kujaribu. Kukiwa na vurugu yoyote, basi, tusirudi tena kumwomba. Hatukuwa na uwanja mwingine. Ilikuwa hapo au tukae.

Shida ilikuwa ua. Upande wa barabara ni waya mtupu, na ng'ambo ya waya ni ile steji. Tulijaribu shuka, upepo ukazibeba. Ndipo nikakumbuka mikeka ya Akko.

Ni mikeka ya nyumba ya kuhama. Aliisuka mwenyewe kwa nyasi na nyuzi tangu akiwa bibi harusi, ikafunika nyumba yake na ikapanda mgongoni mwa ngamia kila walipohama. Tangu waingie taoni imelala stoo, imekunjwa, na hakuna anayeigusa. Nilimwomba nikiwa nimetazama sakafu.

"Kukimbia?" akauliza. "Nani anawafukuza?"

Lakini aliitoa. Akaniambia irudi kama ilivyo.

Basi leo, baada ya Alasiri, tukaifunga kwenye waya mmoja mmoja hadi barabara ikapotea. Tukavua buibui. Chini yake nilikuwa na dera, suruali ndefu na shungi, na miguuni zile raba, mara yao ya kwanza kuona jua. Makena akapuliza filimbi. Wengine walikimbia, wengine walitembea wakishikilia viuno, mmoja alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikimbia nusu ya uwanja, nikatembea, nikakimbia tena. Kifua kiliwaka. Jasho liliingia machoni. Nilijisikia nina miaka kumi na nne, kabla sijaambiwa kwamba kifua changu kinarukaruka na nisikimbie tena.

Kisha nikaona mwanga mahali ambapo hapakutakiwa mwanga. Katikati ya mkeka kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo kichwa cha mbuzi, kinatafuna.

Wanawake kumi na moja, wengi wetu mabinti wa wafugaji, na hakuna hata mmoja aliyewaza mbuzi! Ukame huu, taoni majani hakuna, na sisi tumetundika nyasi kavu kwenye waya kwa urefu wa mdomo wao. Walikuwa saba, wamejipanga kama kwenye hoteli.

Sikufikiria kitu. Nilimwona Akko tu, na maneno yake kwamba irudi kama ilivyo. Nilitoka getini mbio. Sita walitawanyika. Wa saba, dume la kahawia, aling'oa kipande kirefu akakimbia nacho kuelekea kwenye mashine ya kusaga unga, moja kwa moja mbele ya steji.

Nikamfuata.

Steji nzima ilisimama. Nilisikia sauti: "Mama, kushoto! Amepita kwa kinyozi!" Mwingine akageuza pikipiki yake akaziba uchochoro. Mbuzi akakosa njia, akageuka, nikamdaka mguu wa nyuma mlangoni kwa mashine ya unga. Hapo tu ndipo nilipojua niko wapi. Bila buibui, raba za buluu, nahema kwa nguvu, mbele ya watu wale wale niliowatundikia mikeka wasinione.

Nilingoja lile neno. Pengine lilisemwa. Damu ilikuwa inapiga masikioni, sikulisikia. Nilisikia kicheko, na cha kwanza kilikuwa changu.

Niliporudi nikimvuta mbuzi, mwalimu mkuu alikuwa amesimama getini, nikakumbuka onyo lake la vurugu. Alitazama mbuzi, akatazama kipande cha mkeka, akanitazama mimi. Nilianza kuomba msamaha.

"Mama Guyo," akasema, "kutoka hapa hadi kwa mashine ya unga ni mbali. Umesimama mara ngapi?"

Sikuwa nimesimama.

"Jumamosi ijayo mje. Na huyo mbuzi pia, naona ndiye kocha."

Tulipiga kelele hadi shungi la Makena, alilojifunga kwa ajili ya vumbi, likaanguka.

Kurudisha mikeka nyumbani ndiyo ilikuwa kazi. Akko aliitandaza uani, akaingiza kidole katika kila shimo. Nilitaka ardhi inimeze. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Nyinyi watoto ya taoni! Mkeka bila miiba? Sisi tukihama, kwanza miiba, halafu nyumba."

Ameshaamua. Kabla ya Jumamosi tukate matawi ya miiba tuyapange nje ya waya, yeye atasimamia. Mashimo ataziba mwenyewe, nyuzi anazo. Kisha, akitazama pembeni kana kwamba haulizi, akauliza kama na wazee wanaruhusiwa. Si kukimbia, akasema. Kutembea tu, na kuwaangalia hao mbuzi.

Sijidanganyi. Sukari haijaondoka kwa sababu ya dume moja la mbuzi. Jumatatu huenda steji ikarudia wimbo wake. Na Talaso, huko Biliqo, haombi uwanja, anaomba chakula, na kwa hilo sina mkeka wa kutundika. Hilo linaniuma hata leo ninapofurahi. Nitampigia kesho, nimpe hadithi ya mbuzi, nimuulize amekula nini, na safari hii ningoje jibu la kweli.

Lakini nilikimbia kutoka getini hadi kwa mashine ya unga. Hata sijui nina kilo ngapi leo.

Maji ya beseni yamepoa. Nimepangusa vumbi kwenye raba, na kwa mazoea mkono ukawa unazipeleka chini ya kitanda. Nimezirudisha. Ziko mlango wa mbele, pamoja na viatu vya watu wote wa nyumba hii, ncha zikitazama nje.