Chupa Mbili za Bwana Klink

Jumamosi, 28 Septemba

Leo amepiga chafya! Mimi balkonini na kioo cha kukuzia cha marehemu mume wangu Rolf, nakagua maua ya bangi yangu, yeye kwenye balkoni yake juu yangu — chyaa! chyaa! Bi Dengler, hiyo harufu! akafoka. Nikamwambia, sheria inaruhusu miche mitatu, Bwana Klink, ihesabu mwenyewe. Akabamiza dirisha. Raha iliyoje!

Miaka kumi na mbili nimesubiri. Tilmann wangu alikuwa na mche mmoja tu, palepale kwenye kona. Klink akawapigia simu polisi. Mwanangu akanyang'anywa leseni ya udereva, akapoteza kazi ya kusambaza mikate, mchumba naye akamkimbia. Akahamia Norwe. Sauti yake naisikia Krismasi, basi.

Sasa sheria imebadilika. Sijawahi kuvuta hata sigara. Nimepanda kwa ajili ya pua ya Klink.

Chembe za utomvu juu ya maua wiki iliyopita zilikuwa kama maji. Leo zimekuwa nyeupe, kama maziwa. Yule kijana wa kwenye video anasema zikifika hapo, kata.

Jumapili, 29 Septemba

Jumapili kelele haziruhusiwi, lakini mkasi una kelele gani? Nimekata miche yote mitatu. Nimepunguza majani mpaka shingo imekakamaa. Vidole vinanata, hata kijiko cha chai kinagoma kuniachia! Sabuni wapi. Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyoniokoa.

Maua nimeyaning'iniza darini, kwenye kamba za nguo za jengo zima. Nimefunga madirisha, nimeziba mwanga. Yakauke polepole. Mwenye haraka huishia kuvuta nyasi, anasema kijana wa video.

Jumatano, 2 Oktoba

Mshenzi! Mshenzi mkubwa! Klink kafungua madirisha yote ya dari, pande zote mbili, upepo unapiga kutoka huku kwenda kule. Nimemkuta amesimama katikati, mikono mgongoni, anavuta pumzi. Hewa safi, Bi Dengler! Nyumba lazima ipumue asubuhi na jioni. Huyu hata jeneza lake atataka liwe na dirisha.

Maua yangu nje makavu kama karatasi, ndani mabichi. Nikamwambia: umefanya makusudi. Akasema kanuni za jengo anazo mlangoni, nikitaka nikasome. Halafu kaniningʼinizia mlangoni kibao cha zamu ya kufagia ngazi, na kuongeza kwamba mara ya mwisho pembeni hapakuguswa. Pembeni! Nitamgusa yeye.

Nimehamishia kila kitu chumbani kwa Tilmann. Mapazia nimeyafunga.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimempigia Tilmann. Alidhani kuna msiba. Nilipomweleza — kicheko! Alicheka mpaka akakohoa. Mama, wewe? Bangi? Mara ya mwisho nilimsikia akicheka hivyo alikuwa bado anaishi hapa.

Akanifundisha. Nje ikikauka haraka unyevu unajificha ndani. Kijiti cha ua kikivunjika ukikikunja, tia maua kwenye chupa zenye vifuniko, usijaze mpaka juu. Unyevu utatoka wenyewe. Fungua kila siku zipumue, la sivyo ukungu. Baada ya wiki mbili hivi zitaanza kunukia.

Nikamtaja Klink. Akasema, achana naye, Mama, yule ni mzee sasa. Mzee! Kwani mimi kigori? Achana naye wewe. Mimi sikuzaa mtoto ili afukuzwe kwao kwa sababu ya ua moja.

Jumatano, 9 Oktoba

Tak! Kijiti kimevunjika. Nimetoa chupa za mama mkwe za kuhifadhia cheri, zenye mpira mwekundu. Nikaweka kwenye mizani ya jikoni, na — Mungu wangu! Sheria inaniruhusu kuweka ndani gramu hamsini kavu. Mimi nina mara nne na zaidi.

Tilmann kapiga simu — yeye mwenyewe, sikumwomba! Anasema kilichozidi kitupe kwenye mboji, Mama, usicheze na sheria. Nikaitikia ndiyo, ndiyo.

Nitupe? Thubutu. Nimekaa nikala keki ya vitunguu, nikanywa divai mpya glasi mbili, na wazo likaja lenyewe. Dawa ya moto ni moto.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tayari. Kwangu nimebakiza hamsini, halali tupu. Zilizobaki zote kwenye chupa mbili kubwa, na chupa ziko stoo kwa Klink! Kule chini ya jengo stoo zetu zimetenganishwa na mbao tu, kati ya mbao mkono unapita, na chupa inapita ukiilaza. Nimezipanga kwenye rafu yake ya matufaha, nyuma kabisa, upande wa mbao.

Sasa kilichobaki ni simu moja. Kama yeye alivyofanya. Maneno yaleyale: samahani, mimi ni jirani, nina wasiwasi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sijapiga. Nilishuka kuangalia, nikapenyeza mkono, nikafungua kifuniko — puu! Harufu ya nyasi mbichi zilizolowa, na kitu kama mkojo. Hii ndiyo polisi waikute? Watasema takataka, wataondoka. Hapana. Klink hatakamatwa kwa bangi mbovu. Nataka iwe bangi ya kumtoa polisi mate.

Kwa hiyo nashuka kila siku. Nampumulisha adui yangu, kwapa limebanwa kwenye mbao. Leo nimejikwaruza hadi kiwiko. Shauri yake, hata hili atalilipa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mafua. Homa. Kitanda tangu juzi. Miguu hainibebi hadi jikoni, sembuse chini. Chupa zinaoza.

Tilmann anasema kunywa chai ya tangawizi. Amepiga mara mbili wiki hii. Leo aliuliza kama kitanda chake bado kipo. Nikasema kipo, kinanuka tu.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimepona. Asubuhi nimeshuka, moyo juu juu, nikitegemea ukungu mweupe. Nimefungua — jamani! Harufu tamu, nzito, kama msitu na ganda la limau. Hakuna mkojo, hakuna nyasi. Maua yananesa kidogo nikiyabonyeza. Kamili! Siku zote hizo bila mimi, na hazikuoza. Mwanamke nina mkono wa kilimo, hata nikiwa kitandani.

Nimepanda ngazi nikapiga simu. Sauti haikutetemeka. Wamesema watapita leo mchana. Nilikaa nikitabasamu peke yangu.

Baadaye.

Klink kagonga. Amevaa koti na tai. Mikononi kapu la nguo, ndani yake chupa zangu mbili, zimefunikwa taulo.

Bi Dengler, usiogope, anasema. Nilikuona unapenyeza mkono, kwanza nikadhani unaniibia matufaha. Kisha nikaelewa. Kwako imezidi, umeogopa, ukaja kuficha kwangu, maana nani atamshuku Klink? Akacheka, meno ya bandia yakacheza. Nilipoona huji nikajua unaumwa. Basi nimekuwa nikizifungua mimi. Asubuhi na jioni.

Nikalichungulia kapu.

Akaangalia viatu vyake. Akasema: safari hii sikumwambia mtu. Mwambie kijana wako. Na mwambie, kuhusu ule mche wake — na hapo akakatisha, akatoa leso.

Sikujua la kufanya. Nikasema, ingia, kaa, kuna kahawa. Mimi! Nimemwambia Klink akae! Yuko sebuleni, kapu magotini, ameshika mipini miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa watu. Mimi niko jikoni nasingizia kutafuta vikombe, naandika kwa sababu sijui mikono ifanye nini kingine.

Nimpigie Tilmann? Nimwambie nini? Nipige tena kule polisi, niseme nilikosea jengo? Nimepiga. Nimewekewa muziki.

Gari limesimama chini. Milango miwili imefungwa, mmoja baada ya mwingine. Sauti za wanaume, hawana haraka. Wanasoma majina.

Kengele — ya kwangu. Wanataka wafunguliwe mlango wa chini.

Bi Dengler, una wageni, anasema kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia. Wewe mgonjwa, kaa tu. Mimi nitawafungulia.

Kiti kimelia. Anatembea kuelekea mlangoni, na kapu hajaliweka chini —