Mgongo wa Gauni la Kijani

4 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua yameniacha na kazi ya duka la dawa inasonga. Mguu wako je? Ukiniandikia "afadhali" tena nitajua unanidanganya.

Jana nilikwenda jumba la makumbusho kuona maonyesho ya Madamu uliyekuwa ukimshonea. Vyumba vinne vizima vya nguo alizobuni, tangu alipoanza mpaka alipofariki. Lile gauni la kijani ulilotuambia mara mia kwamba ulilikata wewe liko chumba cha mwisho, peke yake, taa zote zimelielekea. Watu wanalizunguka, kisha wanarudi kulizunguka tena. Mikunjo ile ya kifuani inavyoshuka kutoka shingoni mpaka kiunoni, sikujua mkono wa mtu unaweza kufanya vile. Nilitaka kumwambia aliyesimama karibu nami kwamba fundi ni baba yangu, nikaona haya. Kibao kimemtaja Madamu tu.

Nakutumia picha. Maonyesho yanafungwa tarehe 31 Agosti. Njoo, nitakupokea stendi.

Binti yako

15 Juni

Mwanangu,

Barua imefika na kunikuta mzima. Mguu afadhali.

Picha nimeitazama kwa miwani, kisha bila miwani, kisha nikatoka nayo nje kwenye mwanga. Ile mikunjo si ya kifuani, ni ya mgongoni. Wameivisha sanamu yao gauni nyuma mbele. Vifungo viko ubavuni, ndiyo maana hawakushtuka.

Rudi ukawaambie. Usigombane na mtu, waambie tu. Mimi siji kutazama kazi yangu ikiwa imesimamishwa hivyo.

Baba yako

29 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi kwa mwili mzima, ila nina hasira.

Nilirudi. Mlinzi alinipeleka kwa msimamizi wa maonyesho, mama mmoja mpole. Alinisikiliza, kisha akanitolea mchoro wa Madamu wenye saini yake. Mikunjo iko mbele, nimeiona kwa macho yangu. Akasema wao wamefuata mchoro, akanishukuru kama unavyomshukuru mtoto aliyekuletea ua. Nilitoka pale nimenywea.

Baba, gauni ni zuri hata hivyo, na hakuna anayejua. Hatuwezi kuliacha?

Binti yako

8 Julai

Mwanangu,

Nakusalimu sana. Mimi mzima, ingawa barua yako ilinikosesha hamu ya chakula.

Unasema hakuna anayejua. Fundi yeyote atakayepita pale atajua. Kwapa hukatwa ndani zaidi upande wa mbele, maana mtu hunyoosha mikono mbele, hanyooshi nyuma. Nguo ikivaliwa kinyume, mabega yanavuta na kitambaa kinajikusanya kwapani. Tazama picha yako vizuri. Fundi akiona vile atasema aliyekata alikuwa kipofu. Jina langu halikuwekwa tangu mwanzo, hilo nimelizoea. Aibu ya kosa lisilo langu siizoei, na sitaizoea.

Mchoro ni wa kweli. Lakini siku ya kujaribisha, mwimbaji aliyeshonewa alishindwa kuvuta pumzi, mikunjo ilimbana kifua. Nikakata upya mbele na nyuma, mikunjo nikaihamishia mgongoni. Madamu akalizunguka mara mbili, akasema, "Sawa." Mchoro hakuuchora upya.

Nitumie vipimo vyako: mabega, kifua, kiuno, na urefu kutoka shingoni mpaka kifundo cha mguu. Akupime jirani. Ukijipima mwenyewe utadanganya kiunoni kama marehemu mama yako.

Baba yako

28 Julai

Mwanangu,

Habari za huko? Vipimo vilifika, na jirani yako namshukuru, ana mkono mwaminifu.

Kwenye kifurushi hiki kuna gauni la marekani, kitambaa cha kujaribia, nililolikata sawasawa na lile la kijani ila kwa mwili wako. Limenichukua siku kumi na moja. Cherehani ni ile ile, macho si yale yale. Nenda umelivaa kama walivyolivisha wao, umnyooshee yule mama mkono. Kisha ligeuze, unyooshe tena.

Najua tangu ulipoingia sekondari hukupenda kuvaa nilichokushonea. Vaa hili siku moja.

Baba yako

9 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na leo sina hasira na mtu.

Nilikwenda siku tatu mfululizo kabla ya zamu. Siku mbili za kwanza msimamizi alikuwa mkutanoni, nikakaa kwenye benchi nimevaa gauni la marekani, watalii wakanipiga picha wakidhani nami ni maonyesho. Siku ya tatu akatoka. Nilimnyooshea mkono kumsalimu, ukakwama nusu njia, na mshono wa kwapani ukaachia. Nisamehe, nimelipasua.

Hakucheka. Nilikwenda msalani nikaligeuza, nikarudi, nikainua mikono yote miwili mpaka juu. Akaenda mwenyewe kwenye gauni la kijani na tochi, akamulika kwapani. Hariri imeanza kuchanika, Baba, pale pale. Akaniuliza nimeyajulia wapi haya.

Nikamwambia, "Aliyelikata ni baba yangu. Yuko hai." Nilisema kwa sauti, chumba kizima kikageuka, nikalia.

Chumba watakifunga tarehe 24 ili waligeuze. Wanaogopa kuichana zaidi hariri, wanaomba uje uwaongoze. Kibao wataandika upya, na jina lako nimewaandikia mimi.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba wewe ni mfanyabiashara. Naona aibu kuliandika, lakini nimeliandika. Nisamehe.

Binti yako

17 Agosti

Mwanangu,

Salamu zangu leo ni fupi, nafunga mkoba. Mguu unauma, sikufichi, nao utapanda basi hivyo hivyo.

Hilo la shuleni nilikuwa nalijua. Siku ya wazazi mwalimu wako aliniuliza biashara inaendaje. Nikamwambia inakwenda vizuri sana.

Nafika tarehe 23 asubuhi. Nenda leo hii kwa yule mama, umwambie mtu asiliguse gauni mpaka nifike. Wakitaka nivae glovu nitakataa, ukivaa glovu vidole havisikii kitambaa. Watafute sabuni na maji, nitanawa mbele yao.

Baba yako