Reli Iliyokatwa Bado Inalia

Mpendwa Mwikali, mtoto wa dada yangu,

Ile picha ya stesheni ya huko kwenu Wales nimewaonyesha watu wote hapa kwetu Kola. Kastesheni kadogo, bahari nyuma yake, maua kwenye makopo, na treni bado inasimama! Nimewaambia watu ni mimi nilikuchagulia huo mji. Ukiulizwa, usinikanushe.

Lakini imenirudisha kwenye stesheni yetu. Unakumbuka kile kipande cha reli kilichoning'inia kwa waya mlangoni mwa stesheni masta? Treni ikitoka stesheni ya juu, masta anakigonga na nyundo: ngaa! ngaa! Hapo mama yako anainua beseni la mayai ya kuchemsha, wewe unashika chumvi, mnakimbia kuwauzia abiria. Nami nakuhadithia nilivyoshindana na injini ya mvuke mpaka Konza, nikaingojea huko nikinywa chai.

"Mjomba, ulikuwa na viatu?"

"Nilivua. Vilikuwa vinanichelewesha."

Ulicheka mpaka chumvi ikamwagika. Mama yako akaniita takataka.

Moshi uliisha, zikaja za dizeli, halafu hizo nazo zikaacha kusimama. Masta akahamishwa, popo wakahamia. Treni mpya inapita kule mbali juu ya tuta lake, hata haitujui.

Wewe ulipoondoka, treni zikiwa bado zinasimama, ulipanda hapo hapo, ukaenda Nairobi, ndege ikafuata. Mama yako ndege hakuiona. Alichoona ni treni.

Sasa akili yake imeanza kurudi nyuma. Jua likipinda anaacha kazi, anasimama. "Imegongwa. Mwikali ametoka stesheni ya juu." Anabeba beseni, anaenda kukaa kwenye benchi la abiria, macho juu ya reli. Mimi namfuata.

"Dada, twende nyumbani. Hakuna treni."

"Nyamaza wewe, mwongo. Husikii?"

Wiki iliyopita nilisikia.

Mwikali, kile chuma kilishakatwa na watu wa vyuma vikuukuu zamani sana. Iliyobaki ni waya tu. Upepo haukuwepo. Ngaa. Ngaa. Nikageuka, nikaona ile waya tupu inatikisika kama kitu kizito kimeachiliwa sasa hivi. Dada akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyechelewa kuambiwa msiba. "Umesikia sasa?"

Najua unasema, mjomba ameanza tena. Mchungaji nilimwambia, akacheka. Vijana wa boda boda wakaniuliza kama safari hii injini ndiyo imenikimbiza. Nimewadanganya wote miaka mingi, na hili moja la kweli sina wa kumpa. Mimi, niliyeshinda injini, siku hizi siwezi kupita hapo peke yangu.

Njoo, mwanangu. Mama yako anakonda. Yale mayai hagusi, anasema ni yako, utashuka na njaa. Ukija, shukia barabarani, lakini usipitie njia ya nyumbani. Zunguka juu, kisha ushuke ukifuata reli, akuone ukitokea kule anakoangalia.

Mimi nitakuwa kwenye benchi, nimemshika mkono. Na ikigongwa, sitabisha. Nitasimama naye, nimbebee beseni.

Chumvi iko mfukoni mwangu.

Mjomba wako, na kwa hili sidanganyi